Kikopo Kilichobaki Mkekani

Kama ungetaka kumwona mwanamke aliyeweza kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja, ungepanda ngazi za posta ile ya zamani, yenye dari ndefu na njiwa wasio na adabu, ukageuka kulia kabla ya mlango mkubwa. Hapo barazani, mgongo ukutani, miguu ameikunja juu ya mkeka, ungemkuta Mama Lakiri akishona kifurushi. Mikono yake ungeiona pale pale, ikienda na kurudi. Yeye mwenyewe, wacha wee, alikuwa ameshaondoka kitambo.

Kazi yake ilikuwa kufunga vitu vya thamani vinavyokwenda mbali. Mtu mwenye pete, saa ya mfukoni, cheti cha ndoa au jino la dhahabu la marehemu hakukimbilia dirishani hivi hivi, alianzia kwake. Mara moja aliletewa jicho la kioo, akalifunga akiwa ameligeuzia mgongo, maana alisema linamtazama kazi. Alichukua kila kitu kwa namna ile ile. Kwanza pamba, kisha kikopo bapa cha peremende alichokiosha mpaka harufu yote ikaisha. Kikopo kiliingia katika kijisanduku, na kijisanduku kikajazwa maranda laini ambayo mumewe, fundi seremala, alimletea kwa gunia. Juu yake karatasi ya kaki, na juu ya karatasi kitambaa cheupe cha bafta, kimevutwa kikakaza, kikashonwa kwa mishono midogo iliyobanana. Mwisho aliyeyusha lakiri, ile nta nyekundu ya kufungia barua, kwenye mshumaa, akaidondosha juu ya mshono, na kabla haijapoa akaigandamiza kwa muhuri wake wa shaba. Mwizi akitaka kilichomo lazima aivunje ile nta, na nta ikishavunjika kila mtu anaona.

Muhuri wenyewe ulichongwa na mumewe miaka ile walipooana. Alikusudia kuchonga ndege anayeruka. Kilichotoka, jamani, kilikuwa kiatu. Makarani wa posta wakawa wanasema, "Hiki kimepita kwa Mama Kiatu," na yeye hakukubali hata siku moja. "Ni ndege amelala," alisema, na uso wake mkavu, mpaka ukaogopa kucheka.

Lakini fahari yake kubwa ilikuwa kitu kingine. Vifurushi vyake havikulia. Alijua kwamba huko njiani kuna watu wenye mikono mirefu, na watu hao hawafungui kila kifurushi. Wanakitikisa kwanza sikioni. Kikitoa sauti, kwisha habari yake. Kwa hiyo alishindilia pamba mpaka pete na kikopo vikawa kitu kimoja, kisha akamkabidhi mwenye mali. "Tikisa," alimwambia. "Unasikia nini?" Mtu alitikisa, akatega sikio, akasema hasikii kitu. "Basi na wao hawasikii," alisema, na hapo ndipo aliposhika sindano.

Na alipokwisha kushika sindano, aliondoka. Huyu mama hakuwahi kupanda ndege wala meli. Mji mwingine alifika mara moja tu, kwa ajili ya jino, na akakumbuka kiti cha daktari kuliko mji. Lakini alikuwa na tabia ya kumwomba mteja amsomee anwani kwa sauti, na anwani ikishasomwa ilitosha. Ghorofa ya tatu, mlango wa nyuma, mtaa wenye jina gumu kutamka: mshono wa kwanza ulimkuta barazani, wa kumi alishakuwa kwenye ngazi za watu, anasikia harufu ya sabuni wasiyoiuza kwao, na mvua ya huko inanyesha kwa ubavu, polepole, juu ya mapaa ambayo hajui yameezekwa kwa kitu gani. Paka anamtazama. Mahali fulani redio inaimba kwa lugha asiyoijua, na yeye anaielewa. Waliomjua walipita mbele yake bila kumsalimia wakisema, "Mwacheni, kashasafiri." Mikono haikukosea kwa sababu ilikuwa imeshazoea kuachwa peke yake.

Sasa, mkuu wa posta alikuwa mgeni pale, kijana kijana hivi, mwenye mashati yaliyopigwa pasi mpaka yakasimama yenyewe. Si mtu mbaya. Alikuwa mwoga wa wakubwa wake tu. Makao makuu walimwambia asafishe baraza, na akasafisha. Alimwondoa mpiga picha, akamwondoa muuza kalamu, akamwondoa hata yule bwana aliyekuwa akiwaandikia watu barua za mapenzi, na mitaa kadhaa ikakosa amani. Mama Lakiri peke yake ndiye aliyeachwa. Mkuu alimwita ofisini akamweleza wazi.

"Mama, wewe nimekutetea kwa sababu moja. Hakuna lalamiko hata moja juu yako tangu posta hii ijengwe. Siku nikipata moja, sitakuwa na la kusema."

Siku ile Mama Lakiri alirudi nyumbani akashindwa kula. Mumewe alimwambia, kwa wema wote, kwamba hata akiondolewa si mwisho wa dunia, atapumzika. "Nipumzike nifunge nini humu ndani?" akamjibu. "Vitunguu?" Akaenda kujilaza akiangalia ukuta. Mumewe hakuelewa, na yeye hakujua namna ya kumweleza kwamba pale barazani ndipo penye mlango wake wa kutokea, na wakiuziba atabaki na mji mmoja, nyumba moja, jiko moja, mpaka kufa kwake.

Basi, asubuhi moja ya manyunyu, mwanga umekaa kijivu na kila kitu kina sauti ya chini, akaja kinyozi. Kinyozi mstaafu, mzee mrefu mwembamba, kichwa chenyewe hakina unywele hata mmoja, jambo ambalo wateja wake walimtania nalo maisha yote. Alikaa kwenye kibao cha wageni, akatoa leso mfukoni, akaifungua kidogo kidogo.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema Mama Lakiri.

"Marahaba, mwanangu. Za marehemu mke wangu hizi. Zinakwenda kwa binti yetu, anaolewa huko aliko. Amezitaka."

Zilikuwa herini mbili za dhahabu, ndogo, za mviringo, zimelika upande mmoja kwa kuvaliwa. Mama Lakiri alizitazama, akazisifia kama inavyostahili, akauliza harusi ni lini. Mzee akasema kifurushi kikiondoka na gari la leo kitawahi. Gari linalofuata ni la wiki nyingine, na wiki nyingine bibi harusi atakuwa ameshavuliwa shela.

"Kitaondoka leo," alisema Mama Lakiri.

Asubuhi ile alikuwa ameshaandaa vikopo viwili, vyote vya peremende ile ile, vyote vimetandikwa pamba. Alizizungushia herini pamba, akazilaza ndani ya kimoja, akashindilia, akafunika. Akakiweka karibu na goti lake ili atunge uzi. Na hapo mzee akaanza kusema, si kwa huzuni, ni kama mtu anayejisemea akiwa njiani.

"Nilimkata nywele mwenyewe, unajua. Maisha yake yote hakuguswa na kinyozi mwingine. Namwambia, vua herini nisije nikakukata sikio. Hataki. Anasema, wewe si fundi? Zikwepe. Basi nikawa nazikwepa. Mkasi unapita hapa, herini iko hapa. Ananiinamishia kichwa upande, macho kafumba, na nje watu wananingoja kwenye benchi, wananuna."

Mama Lakiri alikuwa akitafuta tundu la sindano. Alilipata, lakini kichwani mwake kulikuwa kumeshafunguka kibanda cha kinyozi chenye kioo kilichoingia ukungu, na mwanamke kafumba macho kwenye kiti, nywele zinamwangukia mabegani, na mkasi unasema chwi, chwi, chwi kandokando ya kitu kidogo kinachong'aa. Alikaa humo. Palikuwa na utulivu ambao hakuwahi kuuona katika nchi zote alizokwishazitembelea kwa sindano yake. Mkono wake uliteremka mkekani, ukachukua kikopo, ukamkabidhi mzee.

"Tikisa," alisema kwa mbali.

Mzee alikishika kikopo muda. Kisha akakitikisa sikioni.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu," alisema kinyozi.

Kikaingia katika kijisanduku, yakaja maranda, ikaja kaki, ikaja bafta. Mishono ilikaa sawasawa. Lakiri ilidondoka nyekundu, mbichi, ikanukia, na ndege aliyelala akalala juu yake mara zote zilizotakiwa. Kilikuwa kifurushi kizuri, tusifiche. Dada wa dirisha la rejista alikigeuza geuza kwa kukitamani. Mzee akapewa stakabadhi yake, akaikunja, akaondoka bila kuaga vizuri, na Mama Lakiri akadhani ni majonzi.

Ilipofika alasiri manyunyu yaliisha. Dirisha la rejista lilifungwa, na mifuko ya barua ikatiwa kamba na vifungo vya madini ya risasi kungoja gari. Mama Lakiri akaanza kukusanya vitu vyake bila haraka, akikunja mabaki ya kitambaa, akikwangua nta kwenye kisu. Akaokota kile kikopo kilichobaki. Akakifungua aiongeze pamba, kwa kuwa pamba ikikaa inalala.

Zilikuwa humo ndani. Mbili, zimelazwa vizuri kwenye pamba yake.

Lo! Alizitazama kama mtu aliyeonyeshwa picha yake akiwa amekufa. Kwanza alijidanganya kwamba ni nyingine, kwamba kuna mtu mwingine aliyeleta herini akasahau. Lakini alijua. Ule ufundi wake wa kufunga kitu kisilie ndio uliomfunga yeye: kikopo chenye dhahabu kilikuwa kimya, na kikopo chenye pamba tupu kilikuwa kimya vile vile. Fundi mwingine yeyote, mlipua kazi yeyote, angesikia tofauti. Baraza lile lililokuwa kubwa likamwia dogo.

Akaona yatakayofuata, maana kuona mbali ndiyo kazi aliyojifunza. Bibi harusi anavunja lakiri mbele ya mashangazi. Anatoa kikopo, anafunua pamba, anafunua tena, anaigeuza, anaipekua nyuzi nyuzi. Mihuri yote ilikuwa mizima, kwa hiyo hakuna mwizi wa kusingiziwa. Amebaki baba yake tu, na aliyefunga. Kisha lalamiko, kisha mkuu na shati lake. Unga umemwagika.

Tuseme ukweli juu ya huyu mama: alifikiria kunyamaza. Si kuchukua herini, hapana, hilo halikumpitia hata kwa mbali. Alifikiria kwenda kimya kimya kwa mzee kesho, wazitume tena na gari la wiki ijayo, harusi iwe imepita, pole nyingi, mambo yaishe. Nani angejua? Alikaa na wazo hilo kama unavyokaa na chakula cha moto mdomoni. Halafu akainuka. Aliuacha mkeka wazi na mshumaa unawaka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akashuka ngazi huku kikopo amekibana kifuani. Kifurushi hakifunguliwi bila aliyekituma, ndiyo sheria, kwa hiyo lazima ampate kinyozi kabla gari halijafika. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa pili, baada ya kiwanda cha magodoro.

Hakufika mbali. Mzee alikuwa amekaa ngazi ya chini kabisa, mikono magotini, amelowa mabega.

"Mzee wangu! Afadhali uko hapa," alisema huku anatweta. "Nimefanya kosa. Nimefunga kikopo kitupu. Herini zako ni hizi. Twende haraka, gari bado."

Kinyozi hakushtuka. Alikitazama kikopo, kisha akatazama viatu vyake.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Kwamba ni kitupu. Niliona."

"Uliona lini?"

"Ulipochukua kile kingine. Nilikuwa nimekaa mbele yako, mwanangu. Macho yangu bado mazima."

"Na nikakwambia utikise!"

"Nikatikisa."

"Ukasema husikii kitu!"

"Sikusikia kitu," alisema mzee, na akawa na haya ya kutosha kuinamisha kichwa.

Hapo ndipo Mama Lakiri alipopandwa na hasira ambayo hakujua anayo. Aliyekuwa akisema kama mtu aliye usingizini siku zote alipaza sauti mpaka njiwa wakaruka. "Ulitaka kunimaliza, mzee? Nimekukosea nini mimi? Yule bwana aliye ndani anangoja lalamiko moja tu anitupe nje, na wewe unaniangalia nashona pamba, unaniangalia napiga muhuri, unanyamaza, unaenda zako kulala!"

"Sikwenda," alisema kinyozi. "Si unaniona? Nimefika kona nikarudi. Nikaenda tena, nikarudi. Nimeshindwa kwenda na nimeshindwa kupanda ngazi."

"Kwa nini?"

Alijibu bila kujitetea. "Nilisema moyoni, acha kiende kitupu. Mtoto atadhani zimeibiwa njiani. Atalia kidogo, atapata nyingine, ni kijana. Na mimi baada ya siku chache nitakuja nikuulize kama hukuokota kitu mkekani. Wewe sikukufikiria. Niseme ukweli, sikukufikiria hata kidogo mpaka nilipofika kwenye kona ile."

"Kwani nani alikulazimisha kuzituma?"

"Hakuna. Nilimwahidi mwenyewe kwenye simu, nimefurahi, nimelewa furaha. Simu ilipokatika nikazitazama." Akasugua magoti. "Nguo za marehemu wamechukua dada zake. Mashine ya kushona iko kwa jirani, naisikia ukutani. Lakini hizi zilikuwa masikioni, mwanangu. Kila neno nililomwambia mke wangu lilipita hapa kwanza. La maana na la upuuzi. Sasa naambiwa nizitie kwenye sanduku."

Mama Lakiri alikaa chini, kwenye ngazi iliyolowa, bila kuangalia nguo yake. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini haikuwa tena na mtu wa kumwendea. Walikaa hivyo, bega kwa bega, na barabara mbele yao ilikuwa inatoa mvuke chini ya jua jipya, watu wanapita humo kama wasio na uzito.

"Basi sikiliza," alisema mwishowe. "Zichukue. Mimi nitaingia ndani niseme nimefunga kitupu, kifurushi kitolewe, na zako zibaki kwako. Binti yako utamweleza mwenyewe, hayo ni yenu. Lakini kusema lazima niseme. Siwezi kukiacha kiende na muhuri wangu juu ya pamba."

"Watakufukuza."

"Wanifukuze," alisema Mama Lakiri.

Akamwekea kikopo mapajani, akainuka, akaanza kupanda. Alikuwa amefika karibu na mlango mkubwa alipomsikia nyuma yake, akipanda kwa taabu, akishika ukuta. "Ngoja," alisema kinyozi. "Twende wote."

Mkuu wa posta alikuwa akihesabu stempu. Mama Lakiri alisema alilokuja kusema, lote, bila kulitia chumvi wala kulipunguza: vikopo viwili, mawazo yake yalikuwa mbali, alichukua kisicho chenyewe, akakifunga, akakipiga muhuri. Mkuu alivua miwani. Akamgeukia mzee kwa ile adabu ya watu wanaotamani usiseme kitu.

"Mzee, mimi inabidi nikuulize. Unalalamika?"

"Ninalalamika," alisema kinyozi.

Mama Lakiri alifumba macho.

"Najilalamikia mimi," mzee akaendelea. "Kikopo niliona kikibaki. Nikaulizwa nasikia nini, nikajibu kijanja. Kama kuna wa kuondolewa barazani, mniondoe mimi."

"Lakini wewe hukai barazani."

"Basi nitaanza kukaa kesho, halafu mniondoe."

Mkuu alijikaza, lakini alikuwa bado kijana, na kicheko kilimponyoka puani. Alirudisha miwani haraka. Akasema hilo si lalamiko, kwa sheria yoyote anayoijua yeye. Hilo ni mteja aliyerudi kabla gari halijaondoka, na wateja wanaruhusiwa kurudi. "Mkeka wako ubaki, mama. Ila kuanzia leo, kikopo kimoja tu hapo mkekani. Cha pili usikitoe mpaka cha kwanza kimeshonwa." Kisha akaita dada wa dirishani aje na mkasi wa risasi, kwa kuwa mfuko uliofungwa haufunguliwi bila shahidi.

Wakautoa mfuko wa rejista ukumbini, wakakata kifungo. Kifurushi kilikuwa juu kabisa, cheupe, safi, hakijui lolote. Mama Lakiri hakuwahi katika maisha yake kuuvunja muhuri wake mwenyewe. Aliweka ncha ya kisu chini ya nta, akasita, akaibonyeza. Ilipasuka kwa sauti ndogo kuliko alivyotegemea. Akakata mishono, akapunguza maranda, akatoa kikopo kitupu akakiweka kando, akamgeukia kinyozi.

"Mzee wangu, hapa ndipo pa mwisho. Ukisema herini zibaki kwako, zitabaki. Hakuna wa kukucheka."

Mzee alisimama na kikopo chake mkononi. Nje honi ya gari ililia, mara moja, kisha ikarudia. Mkuu aliitazama saa ya ukutani, akafungua mdomo, dada wa dirishani akamkanyaga mguu. Ukumbi ulikuwa mtupu na mrefu, mwanga wa alasiri umelala sakafuni mpaka kwenye viatu vyao, na hakuna aliyejua ni muda gani umepita.

Halafu kinyozi akafungua kikopo. Akatoa herini moja kwa vidole vile virefu vilivyozoea kukwepa, akaisogeza mdomoni, akainong'oneza kitu. Hawakusikia. Akairudisha kwenye pamba. Akatoa ya pili, hii akakaa nayo kidogo, akainong'oneza na yenyewe mpaka akamaliza.

"Maneno hayo ni ya binti," alisema akimpa Mama Lakiri kikopo. "Yale ya mama yake nimeyamaliza."

Mama Lakiri alishona akiwa ukumbini pale pale, amepiga magoti, macho makavu na wazi. Hakwenda kokote. Mtaa wa bibi harusi haukumjia, wala ngazi zake, wala mvua ya huko. Alikuwa hapa hapa, na kila mshono aliuona ukiingia na kutoka. Lakiri ilipopoa aliijaribu kwa kucha. Mfuko ukafungwa risasi mpya, dereva akaubeba begani huku analalamika kwa wote, na gari likaondoka.

Alipotoka barazani mshumaa ulikuwa umejizima wenyewe. Mzee alikuwa amesimama kwenye ngazi ya juu, hashuki. Mikono aliiweka mifukoni, akaitoa, akaiangalia, akairudisha.

"Kesho upite," alisema Mama Lakiri.

"Nipite kufanya nini? Sina kingine cha kutuma, mwanangu."

"Nimekuuliza unatuma nini?" Akausukuma mkeka, akampisha upande wa ukutani. "Hebu kaa kwanza."

Akakaa.